Folda Niliyoifunga Mwenyewe

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilitanguliwa na wiki nzima ambayo sikupata usingizi wa maana, kwa sababu ya swali moja. Mtu akipoteza kitu cha mwenzake bila kukusudia, amwambie mwenye kitu mara moja, au akitafute kwanza ili ampelekee habari iliyokamilika? Nililigeuza swali hilo kila upande. Nikisema mapema, labda nitamtia hofu mama wa watu bure, halafu kitu chenyewe kipatikane. Nikichelewa, labda nitamwachia muda mfupi wa kujiokoa. Labda ataniona mwongo. Labda nilikuwa mwongo tayari. Kila jibu lilikuwa na "lakini" yake, na kulipokuwa kunapambazuka nilikuwa na majibu mengi ambayo hakuna hata moja nililolitekeleza.

Niwie radhi kwa kukuita mwanangu. Huenda tumepishana miaka michache tu, na huenda chuo tulisomeshwa na walimu walewale. Lakini wewe ndiye unayekuja kukaa kwenye kiti hiki, na mwenye ofisi hii, Mzee Laurian, aliniita mwanangu tangu asubuhi ya kwanza nilipoingia, wala sijui jina jingine la kumpa anayekuja nyuma yangu. Nimeagizwa nikuachie maelekezo ya seva. Hayo nimeyaandika kwingine, na yako kamili. Haya ni yale ambayo hayawezi kuingia kwenye maelekezo.

Kazi ya ofisi utaizoea upesi. Mzee Laurian alikuwa mpima ardhi wa serikali, na alipostaafu akafungua ofisi hapa nyumbani kwake Nshambya, mjini Bukoba. Anapima vibanja, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, vya watu wa Muleba kabla ugomvi haujazaliwa. Mwenye kibanja huita majirani, akatembea mpaka wake mbele yao, kutoka mlamula hadi mlamula, ule mti ambao wazee wetu hupanda kuonyesha mwisho wa kila mtu, akisema kwa kinywa chake sehemu ipi ni ya nani. Sisi tunapima, na tunamrekodi kwa video. Mzee husema ramani inaonyesha mstari, ila video inaonyesha kwamba mwenye mali alikuwa na akili zake na hakuna aliyemshika mkono.

Rekodi hizo zikishafika ofisini zinawekwa kwenye seva, kisha zinafutwa kwenye simu. Hilo ndilo agizo, na ni zuri, kwa sababu maneno ya mzee kuhusu urithi hayatakiwi kuzurura kwenye simu za vijana. Nami, kwa kuwa ni mtu wa kuogopa kila kitu, nikaona bado haitoshi. Nilipowaza kwamba mtu yeyote anayetumia kompyuta ya mapokezi angeweza kufungua folda ya Muleba na kusikiliza siri za koo za watu, nikaifunga. Niliacha akaunti moja tu iweze kuingia, ile tunayotumia kupandisha rekodi. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Na kweli lilikuwa la maana.

Kesho yake programu ya bakapu, ile inayonakili seva kila usiku, ikaandika kwamba kazi imekamilika, ila kuna onyo: folda imerukwa, hakuna ruhusa. Ilikuwa haki yake. Programu ile inafanya kazi kwa akaunti yake yenyewe, na mimi nilikuwa nimefunga mlango bila kukumbuka kwamba mnakili naye lazima apite. Nikaipa ruhusa ya kusoma folda ndogo ya rekodi, ile iliyo ndani ya folda ya Muleba. Kisha nikafanya jaribio, lile la kupita tu bila kuandika chochote, na faili zote zikajipanga kwenye kioo moja baada ya nyingine. Nikashukuru Mungu.

Sasa sikiliza makosa yangu, maana ndiyo utakayokutana nayo kwenye seva nyingine yoyote ya Linux. Nilitoa ruhusa ya folda ya ndani nikaacha ile ya nje imefungwa. Ni kama kumwambia jirani achume ndizi kwenye shamba lako la nyuma, wakati njia ya kufika huko inapita kwenye ua ulioutia kufuli. Na jaribio lenyewe nililifanya nikiwa nimeingia kama root, msimamizi mkuu, ambaye kwenye mashine ile hazuiwi na mlango wowote. Nilipima kufuli kwa kumtuma mwenye funguo zote, kisha nikatangaza kwamba kila mtu anapita.

Asubuhi iliyofuata onyo likarudi vilevile. Nililiona, mwanangu. Nisikudanganye kwamba sikuliona.

Unajua kwetu salamu ya asubuhi inavyojibiwa. Hata kama ndani kuna mgonjwa, hata kama mmeamka na msiba, utajibu kwanza kwamba ni kuzuri, ndipo mkishaketi habari yenyewe itoke taratibu. Mzee Laurian alikuwa na desturi ya kunisalimia akiwa anapita mlangoni kwenda chumbani kwake. Aliniuliza nimelalaje, mama yangu amelalaje, na kwa pumzi ileile akaongeza, "Na bakapu zimelalaje?" Nami nilijibu kama nilivyolelewa: zimelala salama, Mzee. Nilikuwa najiambia kwamba tutaketi, nitamweleza. Lakini hatukuketi. Simu yake ililia, au mteja alikuwa anamngoja kwenye benchi, naye akawa amekwisha kupita. Nikasema nitamwambia kesho, nikiwa nimeshalielewa tatizo vizuri, nisije nikaonekana sijui kazi. Kesho nikajibu salama tena. Ikafika mahali ambapo ruhusa ya folda lilikuwa jambo dogo kabisa. Jambo kubwa lilikuwa ni salama nyingi nilizokwisha kuzitoa.

Katika siku hizohizo tulikwenda Ijumbi, huko Muleba, kwa Mzee Pastori. Alikuwa mzee sana, anatembelea fimbo, na alizunguka kibanja chake chote akipumzika kila baada ya migomba michache. Binti yake, Ma Adelina, alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika na ndiye aliyekuwa akimtunza. Mzee alisimama mbele ya majirani akasema nyumba na sehemu ya chini hadi mfereji ni ya Adelina, na kipande cha kahawa cha juu nacho ni cha Adelina. Mimi ndiye niliyeshika kamera. Tulipima kibanja kizima, tukakubaliana kwamba sehemu ya binti tutarudi kuipima milamula ikishapandwa. Kwa hiyo mgawo wenyewe ulikuwa ndani ya video tu.

Mvua zikaja, umeme ukawa unakatika na kurudi, na diski ya seva ikafa. Nilirudisha kila kitu kutoka kwenye bakapu kabla ya chakula cha mchana. Mzee Laurian alifurahi hata akawa anawaambia wageni kwamba ana binti anayefufua kompyuta. Ramani zote zilirudi, barua zilirudi, rekodi za zamani, zile za kabla sijafunga folda, nazo zilirudi. Safari ya Ijumbi haikuwepo.

Sikumwambia mtu. Nilisema nitaitafuta kwanza.

Ndipo Ma Adelina alipokuja. Aliketi kwenye kiti kile kilicho karibu na dirisha, amejifunga kitenge cha msiba, akaniambia baba ametutoka. Ukoo utakaa baada ya matanga, na Deo, mtoto wa baba yake mdogo, amekwisha kuanza kusema kwamba mwanamke aliyerudi kutoka kwenye ndoa ni mgeni, na mgeni hagawiwi kibanja. Yeye hakubishana naye. Aliwaambia tu kwamba maneno ya baba yapo Bukoba, kwa binti msomi aliyeyarekodi.

Nilimwambia mfumo una tatizo kidogo, nitampigia.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kama yapo, sina haraka."

Kisha akaongeza, kama mtu anayejiongelesha, kwamba alikuwa amepanga kwenda Ngenge kumchukua Mzee Felisiani, jirani yao wa zamani aliyetembea nao siku ile, ambaye sasa amehamia kwa mwanawe, maana majirani wengine wanaogopa kuingia ugomvi wa ukoo. Lakini miguu inamsumbua na njia ni mbaya, basi atamwacha apumzike, maadamu video ipo. Akanitazama kana kwamba ananiomba niseme amefanya vizuri.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nimekwisha kuwaza mara nyingi juu ya mambo niliyoyafanya kwenye seva ile, na yote naweza kuyasamehe, kwa sababu kutojua kuna dawa yake. Ule mtikiso wa kichwa sijapata mahali pa kuuweka.

Nilipeleka diski kwa fundi mmoja wa mjini. Aliiweka sikioni, akaisikiliza kama daktari, akacheka. "Dada, huyu hata mchungaji hamwamshi." Akasema labda Dar es Salaam kuna watu wenye vifaa, ila haahidi, na haitakuwa wiki hii wala ijayo. Nikatoka pale nikiwaza habari za Dar es Salaam. Unaona akili yangu ilivyo: ilikuwa tayari kusafiri hadi Dar es Salaam ili isifike Ijumbi.

Mwishowe nilikwenda chumbani kwa Mzee Laurian, nikafunga mlango nyuma yangu. Nilimweleza yote, kuanzia folda ya nje na ya ndani, akaunti ya bakapu, root, jaribio, onyo. Nilichora hata kwenye karatasi. Alinisikiliza bila kunikatiza, mikono juu ya meza.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umenieleza kompyuta. Ma Adelina anajua?"

Nikasema bado, nilitaka kwanza nijue kama diski inaweza kutengenezwa.

"Kwa hiyo na yeye anangoja diski, ila hajui kwamba anaingoja." Akaisogeza kando karatasi yangu. Nilidhani atanifokea, na nilitamani anifokee, maana ningejua pa kuanzia kulia. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Kila asubuhi nilikuuliza huku natembea. Hilo ni langu, na nitalijibu mimi. Lakini wewe, mwanangu, ulikuwa umeketi."

Akaegemea kiti chake, akaendelea.

"Yule mama amewapelekea ndugu zake neno lililotoka kwako. Kila siku unayofikiri wewe, yeye anazidi kulirudia mbele yao. Sasa ama niende mimi, kwa kuwa ofisi ni yangu, ama uende wewe. Sikulazimishi."

Nilitaka aende yeye. Nilikuwa hata nimepata sababu: yeye ni mtu mzima, watamheshimu, atalisema vizuri kwa Kihaya cha watu wazima. Zote zilikuwa sababu nzuri. Nikasema, "Nitakwenda mwenyewe," kwa haraka, kabla sijaongeza nyingine.

Nilipanda gari la asubuhi hadi Muleba, nikamalizia kwa pikipiki. Njiani nilikuwa napanga maneno, nikayapanga upya. Nilimkuta Ma Adelina uani anamenya ndizi na wanawake waliobaki msibani. Alinikaribisha, akaingia ndani, akatoka na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni anavyopokewa. Nami nilifanya jambo ambalo mama yangu angenipiga kwa ajili yake: sikunyoosha mkono.

"Nisipokee kwanza, Ma. Nimekuja na neno baya."

Wale wanawake waliacha visu. Nikasema video haipo, imepotea kwa uzembe wangu, na siku alipokuja ofisini nilikuwa najua.

Hakukasirika kwa sura. Aliketi chini polepole, akachukua kisu chake. "Ulijua nilipokuwa nimekaa pale dirishani?"

"Ndiyo, Ma."

"Na nilipokutajia Ngenge?"

"Ndiyo, Ma."

Alimenya ndizi nzima kabla hajasema tena. "Baba alivaa koti lake siku ile," akasema. "Lile la kanisani. Alisema kamera itamwona."

Wala hakuniambia kitu kingine kuhusu jambo lile, si siku ile wala baadaye. Alihesabu mipango yake kimoyomoyo, kisha akaniambia yeye hawezi kutoka akaacha wageni wa msiba, kwa hiyo nitakwenda Ngenge mimi, na nitamleta Mzee Felisiani kabla ukoo haujakaa. Hakuniomba. Nilifurahi kwamba hakuniomba.

Mzee Laurian alitoa gari lake. Mzee Felisiani tulimkuta amejilaza barazani, miguu imevimba, na tulipomweleza alicheka mpaka akakohoa. "Mashine yenu imesahau, sasa mnatafuta kichwa cha mzee." Njia nzima alinitania, akiniuliza kama na yeye nitamfungia kwenye folda. Mwanawe alitaka abaki, lakini yeye alisema Pastori alimwita kutembea mpaka ule, na aliyeitwa haruhusiwi kuchoka.

Siku ya kikao nilisimama mbele ya ukoo. Niliwaambia kulikuwa na video, niliipoteza, na nilimwacha Ma Adelina aitegemee huku nikijua haipo. Deo alikuwa ameketi mbele.

"Kwa hiyo, waitu," akawageukia wazee, "shahidi wa kompyuta hana kompyuta."

Watu walicheka, na alikuwa na haki ya kuwachekesha. Nikangoja wamalize, nikasema pia nilichokisikia kwa masikio yangu, chini na juu, nyumba na kahawa. Kisha tukatoka kwenda kutembea. Mzee Felisiani, akishikiliwa huku na huku, alikwenda kwenye mfereji bila kusita, akaonyesha kwa fimbo kila mahali Pastori alipogusa. Huko chini hakuna aliyembishia, hata Deo. Lakini tulipopanda kwenye kahawa alisimama, akatazama kushoto na kulia, akasema siku ile alikuwa amechoka, alibaki nyuma, hakusikia vizuri, na hawezi kuapa kwa jambo ambalo hakulisikia. Ma Adelina alimtazama. Hakumsihi.

Wazee wa ukoo walimpa Ma Adelina nyumba na sehemu ya chini. Kahawa ilikwenda kwa Deo. Mimi nilikuwa nimesema nilichosikia, ila mkubwa wao alinijibu kwa upole kwamba maneno ya mtu wa kuajiriwa hayawezi kuhamisha mpaka. Kama video ingekuwepo, yangekuwa maneno ya Pastori. Sehemu ya chini tumekwisha kuipima, na milamula imeshika. Kila nikipita Ijumbi msimu wa kuchuma naona kahawa ile imeanikwa kwenye ua usiostahili.

Basi, mwanangu, shika haya. Ukibadilisha ruhusa yoyote, jaribu kwa akaunti ileile itakayofanya kazi, usijaribu kamwe kwa root ukajidanganya. Tazama folda zote za njiani, kuanzia ya nje kabisa hadi ndani. Programu ikikuandikia imekamilika, endelea kusoma hadi mwisho wa mstari. Na bakapu usiiamini kwa kuiona imejipanga: rudisha rekodi moja mahali pengine, ifungue, sikiliza mtu akiongea mpaka ujue ni nani. Mimi nafanya hivyo kila juma, nami nimeifungua tena njia ya akaunti ya bakapu bila kuwafungulia watu wengine, utaiona ilivyo.

Mzee akikuuliza mlangoni, jibu salamu yako kwa adabu, halafu msimamishe. Mwambie, Mzee, kuna neno, kabla hajafika kwenye kiti chake. Hatakasirika. Siku hizi anasimama mwenyewe.

Na ukipoteza kitu cha mtu, nenda kwake ungali hujui utasema nini. Mimi nilifikiri sana, na kufikiri kwangu kulimgharimu mtu mwingine. Ukiona unapata sababu nzuri za kungoja, ujue mwenye kitu naye anangoja, na huenda ameanza kuacha njia zake nyingine kwa kukuamini wewe.

Mungu akubariki katika kazi hii. Akupe macho ya kuona onyo likiwa bado dogo, na ulimi mwepesi kulitaja. Watu wa Muleba watakuletea maneno ya wazazi wao, na mengine hawataweza kuyasikia tena popote pale isipokuwa kwako. Mikono yako na iwe mahali pazuri pa kuyaweka.